Kijana Wako Mkimya na Kazi Yake ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za Tanzania leo yupo kijana aliyemaliza chuo mwaka jana au mwaka juzi, mwenye cheti kizuri, ambaye mgeni akiingia sebuleni anasalimia kwa heshima kisha anarudi chumbani. Si mvivu. Alfajiri ndiye anayefagia uwanja na kuchota maji kabla wengine hawajaamka. Lakini namba asiyoijua ikimpigia anaitazama mpaka inakatika, na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake imekaa juu ya kabati, kwa sababu kuipeleka popote ni kusimama mbele ya mlinzi wa getini na kujieleza. Baba, shangazi na kaka wana neno moja kwa ajili yake: changamka. Wanalisema kwa mapenzi, naye analisikia kila siku kama hukumu.

Nawaandikia hao wanaomtaka achangamke, kwa sababu wao ndio walio karibu naye, na wana uwezo wa kumsaidia kuliko wanavyodhani. Sehemu kubwa ya msaada huo haimtaki abadili tabia aliyozaliwa nayo. Mwenye haya hupata kazi pale ushahidi wa kazi yake unapofika kabla yake: kwenye karatasi, kwenye kinywa cha mtu anayemfahamu, na kwenye mikono yake mwenyewe anapopewa nafasi ya kuonyesha. Hayo yakipangwa vizuri, kinachobaki kwa ulimi wake ni kidogo, na hicho kidogo kinafundishika.

Tuanze na kilio cha kukosa uzoefu. Kijana aliyepita chuo kikuu au chuo cha kati amekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida wiki nane au zaidi, katika halmashauri, benki, hospitali, kiwanda au shule. Amejaza daftari la kila siku na kuandika ripoti. Mwaka wa mwisho amefanya utafiti: ametunga dodoso, amewafuata watu majumbani au sokoni, amechambua majibu na kuyatetea mbele ya walimu. Wakati wa likizo amekaa dukani kwa mama, ameshika kitabu cha kikoba cha shangazi au ametunza hela za kwaya. Mwenzake mchangamfu angeyasimulia hayo yote kabla hajaulizwa. Mkimya anayaona ni mambo ya kawaida, na kuyasema anaona ni kujisifu.

Kwa hiyo yachimbue wewe. Tafuta jioni tulivu, mkae wawili tu, uwe na daftari, na uulize maswali madogo yenye majibu. Ukimwuliza "una ujuzi gani?" atakujibu "wa kawaida tu", na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize: ulipokuwa fildi, asubuhi ukifika ulikuwa unaanza na nini? Nani alikuwa anakupa kazi? Kuna kitu ulikikuta hakijapangika ukakipanga? Vilikuwa vingapi? Ilikuchukua siku ngapi? Nani aliona? Baada ya wewe kuondoka waliendelea kukitumia?

Chukua mfano wa binti aliyesoma ununuzi na ugavi na kufanya fildi katika stoo ya hospitali ya wilaya. Kwenye CV yake ameandika mstari mmoja: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo hospitalini." Ukimwuliza polepole unagundua kwamba alihesabu dawa na vifaa vyote akiwa na msimamizi wake, akakuta leja hailingani na vilivyo rafuni, akaingiza orodha nzima kwenye Excel, na akazipanga dawa zinazokaribia kuisha muda ziwe mbele ili zitoke kwanza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe anayoiomba. Ameshaifanya, ila hakuna aliyemwambia kwamba inahesabiwa. Au kijana wa uhasibu ambaye likizo zote amekaa kwenye kibanda cha mama cha M-Pesa, akilinganisha floti na keshi kila jioni na kutafuta tofauti hata ikiwa ni shilingi elfu mbili. Mwajiri mwenye duka la vifaa vya ujenzi atausoma mstari huo mara mbili, kwa sababu shida yake ya kila siku ni hela zisizolingana.

Jambo moja nasisitiza hapa: usimwongezee. Kama alisaidia, aandike alisaidia. Kama alisimamia, aandike alisimamia. Mkimya aliyeandikiwa makuu asiyoyafanya atabanwa kwenye swali la pili, na aibu ya siku hiyo itamkaa muda mrefu. Akiandika ukweli ana mahali pa kusimama, maana anasimulia alichokifanya kwa mikono yake na hahitaji kukikariri.

CV nyingi za wahitimu wetu zinafanana kwa sababu zimechapwa steshenari kwa kutumia nakala moja inayobadilishwa majina tu. Humo utakuta dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, mapenzi ya kusoma na kusafiri na kuangalia mpira, na sentensi kwamba mwombaji anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ondoeni hayo. Kurasa mbili zinatosha. Elimu ikae kwa ufupi, kisha yafuate yale mliyoyachimbua kwenye daftari, kila tukio na mahali pake, mwezi wake na idadi yake. Anwani ya barua pepe iwe na majina yake halisi, na faili lihifadhiwe kwa PDF lenye jina lake.

Mwishoni mwa CV kuna majina ya wadhamini, kwa kawaida watatu, na hapo mwenye haya hupoteza nafasi kubwa sana. Huandika jina la mhadhiri maarufu asiyemkumbuka, au la mjomba, na huwa hajawaambia. Mwajiri akipiga simu, mhadhiri anasema hamfahamu. Mdhamini bora kwa mhitimu ni yule msimamizi wa fildi aliyemwona akifika kabla ya saa mbili kila siku, au mwalimu aliyesimamia utafiti wake. Kijana awaandikie ujumbe wa kuwasalimu, awakumbushe alikuwa nani na alifanya nini, aombe ruhusa ya kutumia majina yao, na awatumie CV hiyo hiyo ili wakipigiwa wajue la kusema. Mkimya hawezi kujisifia. Basi awepo mtu mwenye haki ya kumsifia. Kama ni zaidi ya mwaka tangu atoke fildi, aombe na barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri, kabla msimamizi huyo hajahamishwa kituo.

Hapa lazima nizungumzie koneksheni, kwa sababu wazazi wengi huamini kuwa bila hiyo hakuna kazi, na kwa imani hiyo huibeba CV ya mtoto kwenye mkoba na kuigawa harusini na msibani. Naelewa uchungu wao. Lakini ofisa aliyekabidhiwa CV msibani anaiweka mfukoni na kuisahau, na kijana mwenyewe anazidi kujiona mzigo unaohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mtumie jamaa yako kwa jambo dogo zaidi ambalo ni rahisi kukubaliwa: amkutanishe kijana na mtu anayefanya kazi ile ile anayoitaka, kwa nusu saa, aulize maswali. Haombi kazi, kwa hiyo mwenyeji wake hana sababu ya kujihami. Na mtu akiulizwa kuhusu kazi yake mwenyewe ndiye atakayeongea zaidi, jambo linalomfaa sana kijana anayependa kusikiliza.

Ujumbe wa kwanza auandike mwenyewe. Watu wakimya wengi huandika vizuri kuliko wanavyozungumza, na WhatsApp imewapa mlango ambao zamani haukuwapo. Uwe mfupi, kwa mfano hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni mhitimu wa ununuzi na ugavi, namba yako nimepewa na shangazi yangu mnayesali naye. Naomba nusu saa wiki hii au ijayo nikuulize maswali matatu kuhusu kazi ya ghala: siku yako inakwendaje, mfanyakazi mpya hukosea wapi, na mtu kama mimi ajifunze nini kwanza. Naweza kuja ofisini au kupiga simu kwa muda utakaopanga. Asante sana." Juu aandike jina lake kamili. Usimwandikie wewe, wala usimsindikize. Baada ya mazungumzo atume shukrani siku hiyo hiyo, na mwezi mmoja baadaye atume habari fupi ya alichokifanyia kazi katika ushauri aliopewa. Nafasi ikitokea ghalani, mama yule atakumbuka nani aliyeuliza kuhusu makosa ya wafanyakazi wapya.

Upande wa serikali, mfumo wenyewe una mambo yanayomfaa mkimya. Maombi hupitia mfumo wa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule watu wanaouita Ajira Portal. Anafungua akaunti kwa namba yake ya NIDA, anajaza taarifa na kuambatisha vyeti, bila kusimama mbele ya mtu. Nafasi zenye waombaji wengi huanza na usaili wa mchujo, ambao huwa wa kuandika, na anayefaulu ndiye anayeitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Baadhi ya kada zina usaili wa vitendo pia. Anayefaulu mahojiano akakosa nafasi anaweza kuingizwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo nafasi inayofanana ikipatikana. Kijana aliyezoea kujisomea kimya kimya anaweza kumpita msemaji hodari kwenye mchujo, basi mtihani huo ausomee kama alivyokuwa akijisomea chuoni: sheria na miongozo ya fani yake, muundo wa taasisi anayoiomba, majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo.

Wengi huanguka kwenye karatasi kabla ya kufika huko, na hapa msaada wa mtu mzima una thamani kubwa. Barua ya maombi iwe na saini na ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti hiyo kama tangazo linavyoagiza. Inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya cheti chenyewe. Majina yakipishana, cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha kidato cha nne vingine, inatakiwa hati ya kisheria ya kubadili jina, na kuipata kunachukua muda, kwa hiyo kagueni majina leo, kabla tangazo halijatoka. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka husika, TCU, NECTA au NACTVET, kulingana na ngazi. Usaili ukiitishwa Dodoma kuna nauli, malazi na chakula. Fedha uliyokusudia kumpa "mtu wa kusaidia" iweke hapo. Maombi hayo hayalipiwi, na anayedai ada ya kumpitisha kijana wako ni tapeli.

Ziko fani zenye milango yake. Mhandisi mhitimu ana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi unaoitwa SEAP, wa miaka 3 ya mafunzo chini ya mhandisi mzoefu. Daktari na mfamasia wana mafunzo tarajali, mwanasheria anayetaka uwakili ana Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kwa wengine wote ipo huduma ya ajira ya serikali, inayowasajili watafuta kazi na kuwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu wa kazi. Ajisajili. Kujisajili hakugharimu kitu, na mpango wa aina hiyo humpa mkimya jambo analolihitaji mno: miezi kadhaa ya kuonekana akifanya kazi, badala ya dakika 15 za kuonekana akizungumza.

Kazi nyingi za sekta binafsi hazitangazwi, ndiyo maana vijana huzungusha bahasha mtaa kwa mtaa. Kwa mwenye haya zoezi hilo ni mateso, na sioni sababu ya kumlazimisha alifanye kwa wingi. Achague sehemu kumi tu ambako kazi anayoiweza inafanyika kweli, na aondoe macho kwenye mabenki na mashirika makubwa ambako kila mhitimu anapiga foleni. SACCOS na vyama vya msingi vya wakulima, AMCOS, vinahitaji watu wa kutunza vitabu. Shule binafsi zinahitaji wahasibu, watunza maktaba na mafundi wa kompyuta. Kuna hospitali za mashirika ya dini, kampuni za utalii za Arusha na Moshi, maghala ya Kurasini, viwanda vya samaki Mwanza, wauzaji wa pembejeo Makambako. Katika sehemu ndogo mwenye mali humwona mfanyakazi wake kila siku, na tabia njema huonekana hata kama mwenye nayo hazungumzi. Kwa kila sehemu aulize jina la mhusika, atume barua au ujumbe kwanza, ndipo aende. Akifika getini hatakuwa tena na la kujieleza, atasema, "Nimekuja kumwona meneja wa stoo, nilimwandikia juzi."

Kujitolea nako kunahitaji maneno mengi, kwa sababu kumewafungulia mlango vijana wengi na kumewanyonya vijana wengi. Walimu, wahudumu wa afya na watu wa kompyuta wamekaa mashuleni, kwenye vituo na maofisini miezi na miaka kwa nauli tu, wakiambiwa "subiri kidogo, bajeti ikitoka". Anayesubiri muda mrefu zaidi huwa yule asiyeweza kuuliza. Mimi nakubali kujitolea kwa miezi mitatu, na sita ikizidi, kwa masharti yaliyoandikwa: anaanza lini na kumaliza lini, atafanya kazi gani, msimamizi wake nani, nauli na chakula ni kiasi gani, na mwisho atapewa barua inayotaja alichofanya. Barua ya kuomba masharti hayo aiandike kwa lugha ya upole na aikabidhi siku ya kwanza, wakati bado anahitajika na hajazoeleka. Muda ukiisha naye anafanya kazi ya mtu kamili bila malipo, aage kwa heshima na aondoke na barua yake. Akibakizwa kama mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Ayaombe bila woga.

Sasa simu, maana kazi zimepotea hapo. Kipindi hiki kila namba ngeni ni ya kupokewa. Mwandikie, au aandike mwenyewe, kikaratasi kikae karibu na simu: "Habari za saa hizi. Ndiyo, ni mimi. Naomba niandike: usaili ni lini, wapi, saa ngapi, na nije na nini? Nashukuru, nitafika." Kisha mwombe rafiki yako ambaye hana namba yake ampigie kama mwajiri, leo mchana, kesho jioni, keshokutwa tena. Hofu ya simu hupungua kwa kupokea simu, na kwa jambo hili sijaona njia nyingine.

Usaili wa ana kwa ana unataka mazoezi ya aina hiyo hiyo. Tatizo la kwanza tumelitengeneza wenyewe: tumewalea watoto wasimkazie mkubwa macho anapozungumza, halafu tunawapeleka mbele ya jopo la watu watano wanaotafsiri macho ya chini kuwa ni kutojiamini. Mweleze wazi kwamba katika chumba kile kumtazama aliyeuliza ni adabu. Amtazame anapoanza kujibu na anapomaliza. Katikati anaweza kutazama popote. Akishindwa kutazama macho, atazame paji la uso.

La pili ni Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta kila somo kwa Kiingereza, amejifunza kunyamaza darasani ili asichekwe. Kunyamaza huko anakwenda nako mpaka kwenye usaili. Asikariri aya ndefu za kuvutia, maana neno moja likimtoka yote yanaporomoka. Ajenge sentensi fupi anazozimudu: nilisoma hiki, nilifanya fildi pale, kazi yangu ilikuwa hii, matokeo yalikuwa haya. Azitamke kwa sauti akitembea, ajirekodi kwenye simu, asikilize, arudie. Swali asilolielewa aombe lirudiwe. Kama jopo linaruhusu Kiswahili, na ofisi nyingi za ndani huruhusu, aombe kwa adabu kujibu sehemu ngumu kwa Kiswahili. Nimeketi kwenye majopo. Kijana anayejibu taratibu kwa maneno machache yenye ukweli anakumbukwa, na ukimya wa sekunde tano akifikiri unaonekana mrefu kwake yeye peke yake.

Jopo likisema "huna uzoefu", jibu lake liwe tukio moja kutoka kwenye lile daftari: nilikuta hali gani, nilifanya nini, ikawaje. Awe nayo matatu ya namna hiyo, hayo yanajibu karibu maswali yote. Akiulizwa udhaifu wake, auseme ule wa kweli na dawa yake: "Mwanzoni huwa mkimya kwenye kikao, kwa hiyo huandika hoja zangu kabla na kuisema ya kwanza mapema." Mazoezi afanye kwanza na mtu anayemwamini, kisha na mtu mzima asiyemzoea, mwalimu mstaafu wa jirani au mzee wa kanisa au msikiti. Baba mkali asiwe jopo. Siku moja kabla aende akaone jengo lilipo, ili asubuhi yake asianze kwa kuuliza njia.

Swali la mshahara huwapata wakimya bila maandalizi, nao hujibu "chochote tu". Pigeni hesabu pamoja kabla. Mshahara wa 600,000 kwa mwezi ukikatwa mchango wa mfanyakazi kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10 unatoa 60,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15, yaani 90,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza 2021 ambavyo havitozi kitu kwenye 270,000 za kwanza, inakuwa 24,000. Mkononi zinabaki 426,000, na humo ndimo mna chumba, nauli na chakula. Akizijua namba hizo atataja kiwango bila kutetemeka, na atajua kazi ipi aikatae kwa sababu itamla kuliko kumlisha. Aulize pia kama kiasi anachoambiwa ni kabla au baada ya makato.

Nyumbani, acheni kumwuliza kila jioni kama wamempigia. Wakipiga atasema. Msimlinganishe na binamu aliyepata kazi bandarini. Tengeni kiasi cha wazi cha bando na nauli kwa mwezi, ili asilazimike kuomba kila safari, maana kijana wa namna hii huamua kutokwenda usaili kuliko kuomba elfu tano mara ya pili. Mwambieni mapema kwamba akitapeliwa, akatumiwa ujumbe wa kulipia fomu, sare au vipimo vya afya kwa kazi asiyoiomba, aje aseme bila kugombezwa; matapeli wanajua nani hataweza kusema. Na ikiwa amepoteza usingizi, hali vizuri, hataki hata yale aliyoyapenda, hiyo si haya tena. Mpelekeni kwa daktari.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na kiti kwenye jopo la usaili au na saini kwenye tangazo la kazi, nina ombi kwako. Unapotafuta mtu wa kuanza kazi, usiandike uzoefu wa miaka mitatu. Mpe mwombaji saa moja na leja, kompyuta au mashine atakayoitumia, uone anachofanya, kisha ndipo umwulize maswali. Akikaa kimya baada ya swali, hesabu mpaka kumi kabla hujaingia na swali jingine. Wengi wao wanakuwa wameshafika kwenye jibu.